Kuunda baiskeli ya safari ndefu yenye gia za ndani ya habu: vipuri gani vinamfaa mtu wa Mombasa?

MLETA UZI

Assalam aleikum ndugu zangu, na habari za jioni kwa wote. Ninakusanya vipuri vya baiskeli ya safari ndefu ambayo fremu yake itatengenezwa kwa vipimo vyangu, na nimeshaamua kwamba gia zitakuwa ndani ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma. Njia ninazozikusudia ni mbili. Ya kwanza ni kuvuka Likoni, kufuata pwani hadi Lunga Lunga, kuingia Tanga na hatimaye kupanda Lushoto kutoka Mombo. Ya pili ni kutoka Miritini kupitia Mariakani hadi Voi, kukata kwenda Mwatate na kupanda Wundanyi. Mzigo pamoja na maji hautapungua kilo 25. Nitaeleza nilipofikia, kisha nawaomba mnikosoe kabla sijatoa pesa.

Nimeanza na mlima kabla ya kuangalia bei. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, na Lushoto iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kuna sehemu ambazo mtu mwenye mzigo atakwenda kilomita tano kwa saa na hatakuwa na namna nyingine. Swali langu la kwanza basi ni hili: nikizungusha pedali mara 60 kwa dakika, mwendo ambao magoti yangu yanauvumilia, baiskeli isogee umbali gani kwa kila mzunguko? Jibu linapatikana kwa kugawanya meno ya gurudumu la meno la mbele, lile la kwenye pedali, kwa meno ya sproketi, yaani gurudumu dogo la meno la nyuma, kuzidisha kwa uwiano wa gia ya habu, kisha kuzidisha kwa mzingo wa tairi. Tairi ya inchi 26 yenye unene wa inchi 2 ina mzingo wa mita 2.06 hivi.

Habu ya Rohloff Speedhub ya Ujerumani ina gia 14. Gia ya kwanza ina uwiano wa 0.279, ya kumi na nne 1.467, na kutoka gia moja hadi inayofuata kuna hatua ya karibu asilimia 13.6 mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo gia za nje haziliwezi kwa sababu hatua zake hazilingani. Nikifunga meno 38 mbele na 17 nyuma, gia ya kwanza inanipa mita 1.28 kwa mzunguko, yaani kama kilomita 4.6 kwa saa. Habu ya Shimano Nexus ya gia nane inaanzia 0.527 na kuishia 1.615, kwa meno 38 na 19 gia ya kwanza inanipa mita 2.17, ambayo ni karibu kilomita 7.8 kwa saa. Tofauti hiyo ya kilomita tatu kwa saa, kwenye kona za Wundanyi jua likiwa utosini, ndiyo tofauti ya kupanda ukiwa umekaa na kushuka ukasukuma.

Baadhi yenu mtasema nipunguze meno ya mbele kwenye Nexus ili nishuke zaidi. Watengenezaji wamewekea jambo hilo mpaka. Kadiri gurudumu la meno la mbele linavyokuwa dogo ukilinganisha na sproketi, ndivyo nguvu ya kusokota inayoingia ndani ya habu inavyoongezeka, na meno ya ndani yana kikomo chake. Shimano wanataka uwiano wa takribani 2 kwa habu hizi. Rohloff wamelegeza mpaka wao hadi 1.9 kwa mpandaji asiyezidi kilo 100, kwa hiyo meno 38 kwa 17, ambayo ni 2.24, yako mbali na hatari. Zaidi ya hayo, Rohloff ina pini ndogo ndani yake zilizokusudiwa kukatika nguvu ikipita kiasi, ili meno yasivunjike.

Jambo la pili lililonivutia ni gia ya kumi na moja ya Rohloff, ambayo inaendesha moja kwa moja: habu nzima inazunguka pamoja na sproketi na meno ya ndani hayafanyi kazi. Msuguano ni mdogo kabisa hapo. Kwa vipimo vyangu, gia hiyo inasogeza mita 4.6 kwa mzunguko, na pedali zikizungushwa mara 70 kwa dakika baiskeli inakwenda kilomita 19 kwa saa. Huo ndio mwendo wa mtu mwenye mzigo kwenye tambarare ya Msambweni au Kilifi, na kwa hiyo sehemu kubwa ya safari itafanyika kwenye gia iliyo nyepesi kuliko zote. Nimeichagua sproketi ya 17 badala ya 16 kwa sababu hiyo zaidi kuliko kwa sababu ya mlima.

Bei ya Rohloff inazidi yuro 1,000 kabla ya usafirishaji na ushuru, nami sitajifanya kwamba hilo ni jambo dogo. Ndiyo maana nataka kila kipuri kingine kiwe cha kawaida, cha kupatikana Kongowea, Voi au Tanga. Habu peke yake ndiyo iwe mgeni. Naomba ushauri hasa kuhusu fremu, mnyororo, rimu na breki.

FUNDI WA KONGOWEA

Waaleikum salaam. Mleta uzi amefanya hesabu ambayo wateja wengi huniachia mimi, na mara nyingi huja kwangu baada ya kununua. Nitazungumzia fremu kwanza, kwa kuwa habu ya gia ina mahitaji mawili ambayo fremu ya kawaida haiyatimizi, na fundi wa kuchomelea asipoelezwa mapema atatengeneza kitu kizuri kisichofaa.

Hitaji la kwanza ni kukaza mnyororo. Baiskeli ya gia za nje ina mkono wenye springi unaovuta mnyororo wakati wote. Ya gia za ndani haina, na mnyororo ukilegea hakuna wa kuuvuta. Hivyo masikio ya nyuma, yaani vile vyuma vizito vinavyoshika ekseli, yaruhusu gurudumu kusogea nyuma na mbele. Zipo njia tatu. Kuna masikio ya kulala kama yale ya baiskeli zetu kubwa nyeusi, kuna masikio yanayoteleza na kukazwa kwa bolti, na kuna nyumba ya krengi (mikono inayoshika pedali) yenye kitovu kilichohama ambayo ukiizungusha inasogeza krengi nzima mbele. Hiyo ya tatu inapendeza macho, lakini mchanga wa pwani ukiingia ndani yake inaanza kulia, na kuinyamazisha kunataka kuifungua yote. Mimi namshauri achukue masikio yanayoteleza, kwa sababu breki na gurudumu vinabaki kwenye mstari kila unapokaza. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha bolti zake ni kubwa na zinakazwa kwa spana ya kawaida.

Hitaji la pili ni kuizuia ekseli isizunguke. Watu hawalifikirii hili. Unapokuwa kwenye gia ya chini, habu inaongeza nguvu ya miguu yako mara kadhaa, na nguvu hiyo lazima iegemee mahali. Inaegemea kwenye ekseli, na ekseli inataka kugeuka ndani ya fremu. Nexus inatumia washa zenye jino, kila rangi kwa pembe yake ya sikio, na ukifunga washa isiyo yake gia hazitakaa sawa hata ukirekebisha waya mchana kutwa. Rohloff inatumia mkono mrefu unaofungwa kwenye mguu wa fremu, au, ikiwa sikio limechongwa kwa ajili yake, kuna jino fupi linaloingia kwenye mfereji wa sikio na mkono mrefu hauhitajiki. Kwa kuwa fremu yako inatengenezwa upya, agiza sikio la kushoto lenye mfereji huo. Gurudumu litatoka na kuingia kwa urahisi zaidi ukipata pancha, na kutakuwa na kitu kimoja pungufu cha kulegea njiani. Upana wa ndani kati ya masikio uwe milimita 135; pima mwenyewe kwa kalipa kabla ya rangi kupakwa.

Chuma kiwe cha kromoli, yaani kilichochanganywa kromi na molibdeni, na mabomba yasiwe membamba kupita kiasi karibu na viungio. Fremu ya alumini ikipasuka Taveta hakuna atakayeigusa, lakini ya chuma itachomelewa na yeyote anayetengeneza milango.

Kuhusu mnyororo, usinunue mkanda wa kaboni wa kuwekwa badala yake ingawa utasifiwa kwako. Mkanda haukatwi wala hauungwi, kwa hiyo fremu lazima iwe na mahali pa kufunguka ili upite, urefu wake ni mmoja tu, na ukikatika baada ya Lunga Lunga utasubiri parsel. Mnyororo wa njia moja una nafuu ambayo watu hawaioni haraka: haupindi kwenda kushoto na kulia, kwa hiyo unaweza kuwa mpana na mgumu, na unadumu. Sproketi za Rohloff ni za upana wa mnyororo mwembamba, ule wa inchi 3/32. Mnyororo wa baiskeli nyeusi unaouzwa kila duka ni wa inchi 1/8, ambao ni mpana kidogo zaidi. Ule mpana unakaa juu ya meno membamba, utapiga kelele kidogo lakini utakufikisha. Mwembamba juu ya meno mapana haukai. Kwa hiyo safiri na mwembamba, nawe ujue kwamba ukikatika popote kati ya hapa na Korogwe utapata mpana wa kukuokoa. Gurudumu la meno la mbele liwe bapa, lisilo na mikunjo wala miteremko ya kusaidia kuhamisha mnyororo, ili meno yakilika upande mmoja uligeuze.

MSAFIRI WA MTWAPA

Ndugu mleta uzi, nakuheshimu kwa hesabu zako, lakini nakuomba ulizingatie jambo moja kwa utulivu. Mimi husafiri kwa baiskeli ya mitumba yenye gia za nje. Kila kilichomo humo ninakijua kwa kukitazama: mnyororo ukiruka naona kwa nini, kibadilishia gia kikipinda nakinyoosha kwa mkono, waya ukikatika nafunga bolti moja na kubaki na gia inayonifikisha nyumbani. Habu yako imefungwa. Siku itakapogoma Mwatate, fundi wa huko ataizungusha, ataisikiliza, atakurudishia na kukupa pole. Utaituma Ujerumani, na baiskeli yako ya gharama itakuwa imeegemezwa ukutani kwa muda usioujua. Je, ni busara kuweka fedha zote hizo ndani ya kitu kimoja ambacho hukiwezi?

Nauliza pia kuhusu uzito. Habu ya karibu kilo mbili nyuma kabisa ya baiskeli si mchezo.

MLETA UZI

Hoja yako ni nzito, ndugu, nami sitaki kuijibu kwa kuisifu Rohloff tu. Ni kweli kwamba ikivunjika ndani, imevunjika. Lakini tutenganishe yanayoharibika mara kwa mara na yanayoharibika kwa nadra. Kwenye gia za nje kinachoharibika mara kwa mara ni kile kilichoning'inia nje: kikono cha kibadilishia gia, springi yake, mnyororo unaoliwa na mchanga, na sproketi tisa au kumi za nyuma zinazolika kwa pamoja. Vitu hivyo vyote havipo kwenye habu, au viko ndani ya mafuta. Kinachobaki nje kwenye Rohloff ni mnyororo, sproketi moja na waya mbili.

Waya hizo nazo zina tabia nzuri. Mibofyo ya gia iko ndani ya habu, haiko kwenye mkono wa usukani, kwa hiyo waya ukilegea kidogo gia hazipotei mahali pake. Mkono unakuwa na uhuru wa kucheza tu. Waya zikikatika zote mbili, unafungua kisanduku kidogo cha nje cha habu na kubadilisha gia kwa spana ya namba 8 unaposimama. Nexus ni kinyume chake: ina waya mmoja, mibofyo iko kwenye mkono, na waya ukinyooka gia zinaanza kuteleza. Hata hivyo dawa yake ni rahisi kiasi kwamba nashangaa watu wanaiogopa. Unaweka mkono kwenye gia ya nne, unainama upande wa mnyororo, na karibu na sproketi utaona mistari miwili midogo ya njano. Unazungusha kirekebishi cha waya mpaka mistari ikutane, basi.

Matunzo ya Rohloff ni kubadilisha mafuta kila kilomita 5,000 au mara moja kwa mwaka: unatia mafuta ya kusafishia kwa sindano na bomba dogo, unaendesha kidogo, unayatoa, unatia mapya. Usishtuke ukiona unyevu wa mafuta kwenye mzingo wa habu, kwani hutoa jasho hilo. Vilevile gia ya kwanza hadi ya saba hupita kwenye hatua ya ziada ya kupunguza mwendo, kwa hiyo zina kelele na uzito kidogo kuliko gia ya nane hadi ya kumi na nne. Ya saba ndiyo yenye kelele kuliko zote, na mgeni hudhani kuna kitu kimevunjika. Ukipita kati ya saba na nane, pumzisha miguu. Ukilazimisha huku unakanyaga, unaweza kujikuta kwa sekunde moja kwenye ya kumi na nne, jambo lisilopendeza mlimani.

Uzito ni kweli, kama kilo 1.8. Kwa upande mwingine unaondoa vibadilishia gia na rundo la sproketi, kwa hiyo tofauti halisi inapungua sana, na mtu mwenye kilo 25 za mizigo hapaswi kukosa usingizi kwa ajili yake.

Nawe kama umewahi kupita barabara ya Changamwe asubuhi, unajua jinsi matrela ya bandarini yanavyokusimamisha ghafla. Gia za ndani hubadilishwa ukiwa umesimama. Umekwama katika gia ya kumi na moja nyuma ya lori, unazungusha mkono hadi ya tano, unaondoka. Kwa gia za nje lazima ukumbuke kushuka kabla ya kusimama.

Niseme neno la usukani, kwa sababu limewanasa wengi: mkono wa gia wa Rohloff ni wa kuzungusha, na umetengenezwa kwa usukani wa unene wa milimita 22.2. Usukani uliojikunja wa baiskeli za mashindano ni mnene zaidi, mkono hauingii. Mimi nimechagua ule unaopinda kama mabawa ya kipepeo, ambao una unene unaofaa na unanipa mahali pengi pa kuweka mikono.

MKAZI WA LIKONI

Mnazungumza meno na uwiano, lakini hakuna aliyetaja chumvi. Baiskeli inayolala usiku karibu na bahari inaliwa hata ikiwa imesimama. Naomba mleta uzi ayafanye haya siku ya kuunganisha, si baadaye.

Nipeli za spoki, yaani vinati vinavyozishika kwenye rimu, ziwe za shaba ya manjano. Zile za alumini ni nyepesi na zina rangi nzuri dukani, lakini baada ya misimu michache ya upepo wa kusi zinashikana na spoki, na ukitaka kunyoosha rimu zinakatika kichwa. Nguzo ya kiti, ikiwa ni ya alumini ndani ya fremu ya chuma, ipakwe grisi nzito na itolewe kila baada ya miezi michache, kwa sababu metali hizo mbili zikikutana na maji ya chumvi zinashikana kiasi cha kukatwa kwa msumeno. Bolti za keria na madigadi ziwe za chuma kisichoshika kutu, nazo pia ziingie na grisi. Mwambie mchomeleaji aache tundu dogo la kutolea maji chini ya nyumba ya krengi. Mvua ya masika huingia kwa juu, kwenye nguzo ya kiti, na isipopata pa kutokea inakaa.

Habu isioshwe kwa presha. Najua vijana wa kuosha magari kando ya barabara wanaweza kuing'arisha baiskeli kwa dakika tano, lakini maji yale yanapita mipira ya kuzuilia uchafu na kuingia kwenye gololi. Ndoo, kitambaa na mafuta kidogo vinatosha. Kwa mnyororo, ukiweza kupata kava inayoufunika wote, iweke, kwa kuwa gia za ndani zinaruhusu jambo hilo na gia za nje haziruhusu. Wazee wetu walikuwa na kava la bati kwenye baiskeli zao na mnyororo ulikaa miaka.

Kuhusu tairi nakubaliana na inchi 26, zile ambazo kipenyo cha rimu ni milimita 559. Baiskeli za mitumba zimeleta tairi na tyubu za kipimo hicho katika kila soko la pwani. Zile za baiskeli nyeusi ni 635, na mtu asidanganywe na neno inchi 28, kwani 622 nayo huitwa 28 na haziingiliani. Vavu iwe nene kama ya gari, ili kila kituo cha mafuta kiwe pampu yako.

Pancha ya nyuma isikutie hofu. Mafundi wetu hawaondoi gurudumu. Wanalaza baiskeli, wanabandua tairi upande mmoja, wanaichomoa tyubu palepale ilipotoboka, wanaisugua, wanabandika kiraka na kuirudisha. Waya za gia haziguswi. Ukikutana na fundi anayekimbilia kulegeza nati za habu yako, mkataze kwa adabu.

MWANACHAMA WA KISAUNI

Shukran kwa mafunzo haya. Mimi sina yuro 1,000, na safari zangu ni Kisauni hadi Kilifi na kurudi, mara nyingine nikiwa na mzigo wa dukani. Je, kuna habu ya gia tatu inayofaa, au nibaki na gia moja?

MLETA UZI

Kwa barabara hiyo gia tatu zinatosha, na si lazima ziwe mpya. Sturmey-Archer ya aina ya AW, iliyoanza kutengenezwa Nottingham mwaka 1936, ina gia ya asilimia 75, ya moja kwa moja, na ya asilimia 133. Ni muundo unaoeleweka, fundi makini anaweza kuufungua na kuusafisha, na habu za zamani zina tundu la kutilia mafuta mepesi mara kwa mara. Kampuni ilinunuliwa na Sun Race ya Taiwan mwaka 2000 na habu za gia tatu bado zinatengenezwa. Kwa meno 44 na 22, gia ya chini itakusogeza mita 3.1 hivi kwa mzunguko. Haitakupandisha Kwale na gunia, ila Kilifi utafika. Ukipata fedha kidogo zaidi, Nexus ya gia nane itakufaa kuliko zote tulizozitaja hapa, ila usichukue ile yenye breki ya rola, inayofungwa kwenye habu, ikiwa unakusudia miteremko mirefu, kwani hupata moto na hutaka grisi yake maalumu.

FUNDI WA KONGOWEA

Breki zimebaki, na hapa kuna mtego. Habu ya Rohloff ya breki ya diski haipokei diski ya kawaida ya bolti sita. Ina diski yake ya bolti nne, ambayo hutaiona dukani hapa. Kwa hiyo nyuma tumia breki za kubana rimu, zile za mikono miwili mirefu, ambazo raba zake zinapatikana kila mahali na waya wake ni waya wa breki tu. Mbele ukipenda diski ya waya, sawa, kwani habu ya mbele ni ya kawaida. Usiweke ya mafuta, maana bomba likipasuka mbali na mji huna breki. Nunua rimu zenye ukuta mnene na mfereji wa kuonyesha zinapolika, kwa sababu mchanga na maji hugeuza raba kuwa msasa. Ukishuka kutoka Wundanyi, bana kwa vipindi, uachie, usiburute breki kutoka juu hadi Mwatate.

Ukitaka dinamo ya habu ya mbele, mpangilio wa kawaida ni volti 6 na wati 3: taa nzuri usiku, na mchana, ukifunga kigeuzi, simu inapata chaji mwendo ukichanganya. Kiti sichagulii mtu. Keria iwe ya chuma, kwa sababu ile ile ya fremu.

Nimalizie na gurudumu la nyuma, maana ndilo litakaloletwa kwangu. Sahani za habu ya Rohloff zinazoshika spoki ni pana, duara la matundu lina kipenyo cha milimita 100, na ziko sawa kushoto na kulia. Hilo ni jema sana: spoki zote zina urefu mmoja na mvutano mmoja, na gurudumu halina upande dhaifu kama lile la gia za nje. Lakini kwa rimu ya inchi 26 spoki zinakuwa fupi, na fundi akizipitanisha mara tatu kama alivyozoea, yaani kila spoki ikipishana na nyingine tatu, zinaingia kwenye rimu kwa pembe mbaya na kukatika shingoni mwa nipeli. Zipitanishwe mara mbili tu. Urefu huo wa spoki hauuzwi sokoni, kwa hiyo agiza za ziada na uzifunge kwa utepe kwenye mguu wa fremu.

Sasa, mleta uzi, usiagize spoki kwa hesabu za mtandaoni. Lete habu na rimu kwanza, tundu 36 kwa 36. Rimu mbili zenye jina moja hutofautiana kina kwa milimita moja au mbili, nami nitapima kwa spoki mbili nilizozikata na kuziunganisha kwa nipeli. Nikishakupa urefu, ndipo utume oda. Na kabla fremu haijapakwa rangi mwambie mchomeleaji asipake rangi ndani ya masikio, kwa sababu rangi nene ikikaa pale, nati zitakazwa juu ya rangi na si juu ya chuma, na ekseli itacheza siku ya kwanza utakapobeba mzigo.

MLETA UZI

Nimekuelewa, fundi. Habu ikifika nitaileta pamoja na rimu zote mbili, na nitakuja na yule mchomeleaji ili mfereji wa sikio la kushoto muupime pamoja kabla hajakata chuma.